Keki Isiyolipiwa Kiti

Jumatatu, 2 Juni

Siku kubwa. Ugnė amethibitisha: mshenga wa harusi yake Jumamosi ni mimi. Mshipi wa kufumwa utakaa begani kwangu, si kwa mjomba wake Rimvydas. Nilimpigia Rimvydas mwenyewe kumpa habari, kwa sauti ya unyenyekevu kabisa. Aliniomba nirudie mara mbili. Raha iliyoje!

Na ni haki yangu. Mimi ni mdogo wa marehemu baba yake Ugnė, na ndimi niliyemshika siku ya ubatizo. Ni kweli sikumkutanisha na huyo Tadas wake. Walikutana kwa daktari wa meno. Lakini mshenga wa siku hizi hatakiwi kukutanisha mtu. Kazi yake ni kusema uongo mtamu mezani, kisha jioni anashtakiwa kwa uongo huo, anahukumiwa kunyongwa, sanamu yake ya majani makavu inatundikwa, na bibi harusi anamwokoa kwa kumtupia mshipi wa pili. Watu wanacheka na kunywa. Mila nzuri ya kwetu Lithuania, na inampendeza mtu mwenye kifua kama changu.

Sharti ni moja: keki. Ugnė anataka šakotis ya Shangazi Bronė, ile keki ndefu yenye pembe inayookwa kwa kumiminiwa kwenye mti unaozungushwa motoni. Shangazi, dada wa baba yangu, ndiye aliyemlea Ugnė baada ya wazazi wake kufariki. Ugnė humwita bibi. Tatizo ni kwamba Shangazi yuko kule kijijini na hapandi ndege. Husema angani ataenda mara moja tu, na siku hiyo hatahitaji tiketi. Kwa hiyo keki ndiyo itakayokaa mezani mahali pake. Ugnė aliniambia haya akilengwalengwa na machozi. Niliguswa sana.

Rimvydas ana vani ya kupeleka vifurushi Lithuania na kurudi kila wiki. Akajitolea kuileta keki. Bure. Nikakataa. Keki ya harusi katikati ya matairi na magunia ya viazi! Ugnė akasema basi niilipie kiti chake kwenye ndege, kando yangu, na niifunge mkanda. Akanisihi, safari hii moja tu, niache mambo yangu. Nikaapa.

Mambo yangu! Tangu nihamie Peterborough, hapa Uingereza, nimeruka na lile shirika letu la bei poa mpaka wahudumu wananijua kwa sura, na sijawahi kulipia begi. Wako watu wamepewa nishani kwa mambo madogo kuliko hayo.

Kiti cha keki sijakinunua. Nilitazama bei. Ni zaidi ya kiti changu! Na keki haitaenda hata chooni. Nitatafuta njia.

Jumanne, 3 Juni

Nimefika. Nimeruka nimevaa mashati manne, suti ya harusi juu yake, na koti la baridi juu ya suti. Kiti cha katikati, kama kawaida yao. Upande mmoja bwana anakula samaki wa kukaushwa, upande mwingine mtoto anayenitazama kwa huruma. Nilitoa jasho hadi soksi zikalowa. Lakini sikulipa!

Langoni mzee mbele yangu alishindwa kwenye kile kizimba cha chuma cha kupimia mabegi. Magurudumu yalitokeza. Akayavunja kwa kisigino palepale, begi likaingia, akapita na magurudumu mfukoni. Nilimvulia kofia. Huyo ni mtu wa kujifunza kwake.

Nilimuuliza mhudumu kama keki inaweza kuhesabiwa kuwa ni nguo. Alisema hapana kabla sijamaliza swali. Basi nikatumia safari nzima kusoma masharti ya shirika, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyasoma hadi mwisho. Na mwisho kabisa, chini ya habari za mbwa waongozao vipofu, nikaikuta. Majivu ya marehemu hubebwa bure, mbali na begi la kawaida!

Tulipotua tukapiga makofi wote. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko rubani alivyostahili.

Jumatano, 4 Juni

Kijijini kwa Shangazi. Kutwa nzima kwenye jiko la nje, mimi nikizungusha mti, yeye akimimina rojo la mayai na siagi. Nyusi zimeungua upande wa kushoto.

Asubuhi nilimwomba, kwa adabu zote, aoke keki fupi kidogo. Nikamwonyesha kwa mikono kipimo cha kizimba. Akauliza kama anaoka keki ya harusi ya Ugnė au ya paka. Baada ya hapo hakusema nami mpaka saa ya mlo.

Keki imetoka inanifika kiunoni. Lazima niseme ukweli: sijaona kitu kizuri kama hiki. Pembe za rangi ya asali kutoka chini hadi juu, hakuna hata moja iliyovunjika. Shangazi aliitazama akafuta macho na aproni. Akasema mtoto ataona kwamba bibi yake hakumsahau.

Akauliza kama nimelipia kiti. Nikasema ndiyo, cha dirishani. Akacheka peke yake. Shangazi yuko katika hali ya ajabu leo, anaimbaimba. Mlangoni ameweka sanduku la nguo. Nilipouliza, akasema ni vitu vya kanisani.

Nimeipanga keki ndani ya boksi refu na kulifunga kwa kamba. Nyuma ya mlango palikuwa na shali jeusi la Shangazi la mazishini. Nimeliazima. Bado sijamwambia.

Alhamisi, 5 Juni

Siku yenye mambo. Niandike kwa utaratibu.

Kwenye mashine ya kukagua mizigo, kijana aliitazama picha ya boksi, akatabasamu, akanitakia harusi njema. Wale wanaona keki za namna hii kila siku. Hawajali ukubwa, wao wanatafuta mabomu. Wenye roho mbaya wako langoni.

Kabla ya lango nikaingia chooni, nikalivika boksi shali jeusi. Nikatoka taratibu, kichwa chini. Dada wa langoni akaelekeza kizimba. Nikamwambia kwamba ni majivu ya shangazi yangu mpenzi. Uso wake ukabadilika. Akauliza kwa upole mbona boksi ni kubwa hivi. Nikasema Shangazi alikuwa mtu wa mwili. Akaanza kuniuliza karatasi za marehemu, lakini machozi yakamjia. Kumbe amemzika nyanya yake majuzi. Akanishika mkono, akanipitisha. Akanibadilishia hata kiti: mstari wa mbele, na kiti cha kando kitupu kwa ajili ya Shangazi. Kiti cha keki, bure! Nilitaka kumpigia Ugnė palepale nijisifu.

Ndipo nikasikia jina langu. Aldona! Msusi wa wanawake wote wa kwetu Peterborough, na redio yao. Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Akauliza, mikono mdomoni, kama amesikia sawasawa. Dada wa langoni bado ananitazama kwa macho yaliyolowa. Ningefanya nini? Nikasema ndiyo, ni Shangazi Bronė. Aldona akapiga ishara ya msalaba. Kisha akatoa simu.

Ndani ya ndege mambo yakanizidi. Mhudumu aliahirisha kuuza zile bahati nasibu za kukwangua. Nikaletewa chai, nayo bure! Tangu nianze kuruka nao hawajawahi kunipa hata leso. Akina mama wa nyuma wakaanza wimbo wa msibani, taratibu, na nusu ya ndege ikaitikia. Watu walipita mmoja mmoja wakinikumbatia na kuligusa boksi. Nami nikalia. Sikuigiza. Nilifikiria siku ambayo Shangazi atakufa kweli, na nani atanifokea.

Nilijua la kufanya. Nikitua tu, nampigia Ugnė na kumweleza, tunacheka.

Lakini Ugnė alikuwa uwanjani tayari. Macho yamevimba, viatu havifanani. Alilipokea boksi mikononi mwangu kama mtu anayepokea mtoto. Nilifungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni, "Hakuteseka."

Nyumbani kwake hakutaka mtu aliguse. Aliliweka chumbani kwake. Tadas akaniuliza pembeni kuhusu keki. Nikasema Shangazi hakuwahi kuioka.

Ijumaa, 6 Juni

Asubuhi nimepanga mpango mzuri. Nitajifanya nimepigiwa simu na hospitali: wamekosea mtu, Bronė mwingine, kijiji cha jirani. Ugnė atafurahi, keki nitaihamishia kwenye gari langu na kuitoa kwa mshangao, na mimi nitakuwa niliyeleta habari njema. Kasoro ni kwamba kuna boksi. Kama Shangazi yu hai, ndani ya boksi yuko nani?

Mchana wakageuza ukumbi wa harusi kuwa wa msiba. Maputo yakashushwa. Mpiga kodiani akaambiwa alete nyimbo nyingine. Mikate ya harusi ikakatwa kwa ajili ya matanga. Boksi likawekwa mezani kati ya mishumaa, na maua ya idadi shufwa kama inavyowapasa wafu. Ugnė alikaa kando yake na gauni jeusi la kuazima. Tadas, kijana mwema, alikuwa akimwambia kwamba harusi inaweza kungoja mwaka. Ugnė akasema ataolewa vipi wakati aliyemlea hayupo, na yeye hakuwa amekwenda kumwona tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Nilitaka ardhi inimeze. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyohisi. Lakini kila nilipotaka kusimama, mtu alinipa pole, nami nikakaa.

Kisha joto la mishumaa likaanza kazi. Ukumbi mzima ukanukia siagi na vanila. Watu wakanusa. Aldona akanong'ona kwamba watakatifu hunukia vizuri, imeandikwa. Wanawake wawili wakapiga magoti. Nikapiga na mimi, nifanyeje.

Katikati ya wimbo mlango ukafunguka, na sauti ninayoijua ikauliza ni mwizi gani aliyechukua shali lake.

Shangazi Bronė! Sanduku mkononi, Rimvydas nyuma yake akitabasamu mpaka masikioni. Mshumaa mmoja ulianguka. Aldona alianguka. Kumbe Rimvydas alikuwa amepanga kumleta kwa vani kumshtua bibi harusi. Habari za kifo ziliwakuta Poland, njiani, simu ikiwa kwenye spika garini, na marehemu akajisikilizia mwenyewe. Rimvydas alitaka kuwaambia watu. Shangazi akamkataza. Akasema hajawahi kuliliwa, aache asikilize kidogo. Kisha simu ikamwishia chaji, au ndivyo anavyodai Rimvydas.

Ugnė hakupiga kelele. Alimkimbilia, akamshika uso, akamshika mabega, kama anayehakikisha hakuna kilichopungua. Walishikana muda mrefu. Shangazi akamwambia, "Basi mwanangu, basi. Nipo. Hebu vua hilo gauni, linakuzeesha."

Halafu Shangazi akafungua boksi mbele ya wote. Keki nzima, pembe zote mahali pake! Nilitegemea mtu aseme jambo kuhusu hilo. Ugnė alinitazama tu. Bora angenipiga kofi.

Jumamosi, 7 Juni

Harusi imefanyika. Na mshenga ni mimi! Nilidhani nimenyang'anywa, lakini Ugnė alisema hapana, abaki yuleyule. Rimvydas mwenyewe alinivika mshipi na kuninyoosha kola. Wema wake ulinitia wasiwasi.

Nilielewa jioni, waliposema kesi ianze. Kwa kawaida watu huhangaika kutafuta uongo wa kumshtaki mshenga: ati alisema bwana harusi ana ng'ombe mia na kinu cha upepo. Safari hii hakuna aliyehangaika. Mashahidi walipanga foleni! Aldona alieleza kifo cha Shangazi tangu langoni hadi mawinguni, na kuimba ubeti mmoja. Tadas akasoma ujumbe wa rambirambi kutoka kwa bosi wake. Rimvydas alikuwa mwendesha mashtaka, na kwa kweli alifaidi. Shahidi wa mwisho aliitwa marehemu. Shangazi akapanda kitini akaulizwa kama aliteseka. Akasema hapana, isipokuwa barabara za Poland.

Nikaambiwa nijitetee. Nikasema keki imefika salama, hakuna pembe iliyovunjika, na kiti ilipata. Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Nilisema kwa dhati.

Hukumu ikatolewa. Sanamu yangu wakaipandisha kwenye nguzo ya taa, pale maegeshoni, imevaa mashati manne na koti la baridi. Kikabaki kimoja tu: Ugnė asimame, atupe mshipi, niokolewe.

Hakusimama. Kwanza watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakashangilia. Kisha kelele zikapungua zenyewe. Akaniuliza bila kupaza sauti, "Baba mdogo, juzi nililala na lile boksi. Ulinisikia nikiongea nalo?"

Nilimsikia. Nilikuwa sebuleni kwao kwenye kochi, na ukuta ni mwembamba. Alikuwa akimwomba bibi yake msamaha kwa kumwacha peke yake kule na kuja Uingereza. Aliomba mpaka sauti ikamkauka. Nami nilijifunika mto kichwani.

Nikasema ndiyo, nilisikia. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa kuokokea, na nikautafuta, sikuuona. Nikasema, "Nisamehe, mwanangu." Nilisema hivyo tu. Rimvydas alikuwepo, akisikia, na sikujali.

Shangazi akamgusa kwa kiwiko. Ndipo Ugnė akaukunja mshipi, akanitupia, na ukanipata usoni kwa nguvu kuliko mila inavyodai. Watu wakalipuka kwa shangwe. Alikuja akanikumbatia. Akaniambia sikioni kwamba nikirudia, ataniacha nining'inie.

Shangazi alipokata keki, mimi nilipewa kipande cha chini kabisa, kilichoungua. Nilikila chote.

Jumapili, 8 Juni

Kichwa kinauma. Mimi ni mtu mpya.

Mambo mawili. La kwanza, Shangazi ametangaza kwamba atarudi nyumbani kwa ndege. Anasema akishakufa mara moja haogopi tena. La pili, Ugnė ndiye aliyekata tiketi, ya Shangazi na yangu, kwa sababu nitamsindikiza. Kila kitu kimelipiwa: viti, mabegi, hata sandwichi. Amenitumia tiketi kwenye simu akaniambia nisiguse chochote. Akaniapisha kwa kaburi la kaka yangu kwamba sitamdanganya tena yeye, wala shirika, wala mtu wa langoni, kuhusu mizigo. Niliapa kwa moyo wote. Nililia. Shangazi naye alilia, na Rimvydas akanishika bega kama ndugu.

Jioni nimefungua tiketi kwenye simu, kuangalia saa tu. Sikugusa kitu. Lakini chini pale kuna kiduara cha kubonyeza kwa ajili ya abiria asiyeweza kutembea. Kinakuja kiti cha magurudumu! Na mtu wa kukisukuma! Anayesukumwa hapiti foleni, hufunguliwa mlango wake, hupanda wa kwanza, na anayemsindikiza hupita naye. Bila malipo yoyote. Kimekaa tu pale, na watu wanakipita bila kukiona.

Shangazi hutembea kwenda kanisani na kurudi, mwendo wa saa nzima, na kuni kichwani akizipata njiani. Lakini hii si habari ya mizigo. Kiapo kilihusu mizigo.

Nimebonyeza. Kesho asubuhi, baada ya chai, nitamuuliza kwa upole kama goti lake halimsumbui.